Pimeni maranda kabla ya kupanga megawati

Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie madiwani na wataalamu wa halmashauri za ukanda wa misitu, kuanzia Mafinga hadi Njombe.

Kuzunguka shamba la miti la Sao Hill kuna vilima vya maranda na mabanzi, vingine vinafuka moshi mchana kutwa. Kuyageuza umeme ni jambo jema na linawezekana. Kampuni ya TANWAT kule Njombe ina mtambo wa megawati 2.5 unaochoma kuni, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ina utaratibu wa wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, kuiuzia TANESCO. Kinachoniumiza ni kuona ukubwa wa mtambo unatajwa kwanza, halafu ndipo watu waulizane utachoma nini.

Msindano uliopasuliwa leo, nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya maranda hayo hutoa megajuli 8 hivi. Unyevu ukishuka hadi asilimia 30, hutoa 12. Mtambo mdogo wa mvuke hugeuza takriban moja ya tano tu ya joto hilo kuwa umeme. Kwa hiyo megawati moja, ikizalishwa saa 24, inakula tani 54 za maranda mabichi, au 36 yakikaushwa hadi asilimia 30. Megawati 5 kwa maranda mabichi ni malori 27 ya tani kumi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na maranda ni mepesi: lori la kawaida linafurika kabla ya kufikisha tani hizo.

Kupima unyevu hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Chota maranda katikati ya lundo, si juu palipopigwa jua. Pima gramu 1,000, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 500, nusu ya ulichonunua ni maji. Fanyeni hivyo Februari mvua ikiwa imekolea, maana vipimo vya Septemba peke yake vitawadanganya.

Malipo nayo yawe kwa uzito mkavu, kwenye mizani. Ukinunua kwa tripu utauziwa maji, tena na mchanga juu. Mchanga ndio adui mkubwa wa boila za namna hii. Koleo likikwangua chini, mchanga unaingia tanuruni, unayeyuka pamoja na majivu na kuganda kama jiwe juu ya wavu wa chuma unaobeba moto. Matundu ya hewa yanaziba, moto unakosa pumzi, boila inazimwa, na mafundi wanaingia na mitalimbo kuvunja. Sakafu ya zege kwenye viwanda vinavyouza, chekeche, na sumaku ya kunasa misumari ni gharama ndogo kuliko kuzima mtambo mara kwa mara.

Ghala lililoezekwa litoshe siku 14. Kwa megawati 5 hizo hizo, hata maranda yakiwa makavu, ni karibu mita za ujazo 10,000. Lundo lisizidi mita 4, na lililotangulia kuingia litangulie kuchomwa; maranda yakirundikwa juu sana yanachacha ndani na kuwaka yenyewe.

Wafugaji wa kuku na wachoma tofali wanayachukua maranda hayo tayari. Yakianza kununuliwa, bei itapanda, na baadhi ya viwanda vitayauza kwingine. Hesabuni yatakayobaki mwezi mbaya kuliko yote. Yakiwa tani 72 kwa siku, zenye unyevu wa asilimia 30, jengeni megawati 2.

Someni pia yaliyoupata mji wa Gainesville, Florida. Mwaka 2009 shirika lake la umeme lilifunga mkataba wa miaka 30 wa kununua umeme wa mtambo wa kuni wa megawati 100 hivi, likabanwa kulipia hata mtambo ukiwa umezimwa. Mwaka 2017 liliununua mtambo wote kwa dola milioni 750 ili kujitoa kwenye mkataba huo.

Ombi langu ni moja: kabla ya kumlipa mshauri mwelekezi, wekeni mizani na daftari kwenye viwanda vitano kwa miezi 12.

Msomaji wako,
Iringa