Kabla Hujamtolea Mtoto Kopi ya Kitabu cha Kinanda

Lalamiko tunalolisikia mara nyingi zaidi katika duka letu la vitabu vya muziki hapa Dodoma, hasa Januari watoto wanapoanzishwa masomo ya muziki, ni kwamba tunauza vitabu kwa bei ghali ilhali vitabu hivyohivyo vinapatikana bure kwenye simu. Hivi karibuni mama mmoja wa Kisasa alifika akiwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kuuliza. Alinunua kwetu kitabu cha hatua ya kwanza cha kinanda kwa shilingi 45,000, kisha jirani yake akamtumia faili la kitabu hichohicho kwa WhatsApp na kumwambia kwamba steshenari yoyote ya mjini ingelichapa kwa shilingi 100 kwa ukurasa na kulibana kwa springi, jumla isifike hata robo ya alichotulipa sisi. Aliona ameibiwa. Tulimjibu palepale, lakini kwa kuwa wazazi wengine huondoka na dukuduku hilo bila kulitamka, tumeona tulieleze kwa maandishi, pamoja na kueleza vitabu tunavyopendekeza na sababu zake.

Vitabu vingi vya muziki huchapwa kwenye karatasi kubwa kidogo kuliko A4. Kikitolewa kopi, mashine ama hukata pembeni ama hupunguza maandishi, na vinavyopotea kwanza ni vile vidogo: namba zinazoonyesha kidole cha kupigia kila nota, na nukta. Nukta iliyo upande wa kulia wa nota huongeza nusu ya urefu wa nota hiyo, kwa hiyo nota ya mapigo mawili ikiwa na nukta ni ya mapigo matatu. Kijana mmoja wa Ipagala aliletwa kwetu na baba yake kwa sababu alikuwa akipiga wimbo wa mapigo matatu kana kwamba anakimbizwa, na kila mwisho wa mstari alimeza pigo moja. Baba alikwisha kuamini kwamba mwanawe hana sikio la muziki. Tulipoifungua kopi yake tukakuta nukta za mistari ya chini zimefifia zote, na juu ya nota kadhaa wino wa mashine umeacha madoa ambayo mtoto aliyasoma kama alama za kukatisha sauti. Kijana alikuwa anasoma kwa uaminifu kabisa kile alichowekewa mbele yake, na lawama zote zilikuwa zimemwangukia yeye.

Mafaili ya bure yana tatizo la pili ambalo mzazi hawezi kulitarajia. Baadhi yake ni picha za chapa za zamani za Uingereza, na zamani huko kidole gumba kiliandikwa kwa alama ya kujumlisha, kidole cha shahada kikawa 1, na kidole cha mwisho kikawa 4. Leo gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5. Binti mmoja wa Nkuhungu alijifunzia kitabu cha namna hiyo akiwa nyumbani, akaziruka zile alama asizozielewa na kuisoma 1 kuwa gumba, hivyo mkono wake wote ukahama kwa kidole kimoja. Mkono uliokwisha kuzoea hausahihishwi kwa kuambiwa tu. Ilibidi aziache nyimbo zote alizozipenda, arudi kwenye skeli (mazoezi ya ngazi za sauti) za polepole, na mama yake alipie vipindi vya shilingi 15,000 kila kimoja kwa ajili ya kufuta alichojifunza kwa bidii. Gharama ya vipindi hivyo ilizidi bei ya kitabu mara kadhaa, na machozi ya yule binti hatuyaingizi kwenye hesabu.

Sisi hatumtolei mtu yeyote kopi ya kitabu kizima chenye mwenyewe, hata akiwa rafiki, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na sisi tunakula kupitia kazi za watunzi. Nyimbo za watunzi waliofariki zamani, kama Bach na Schumann, zenyewe ni mali ya wote. Kwa hizo tunamwelekeza mzazi chapa safi iliyo huru kupakuliwa na hatumtozi chochote kwa maelekezo hayo.

Kuhusu bei, vitabu hivi hutoka nje vichache vichache, hupitia Dar es Salaam, na kila mkono vinakopita unalipwa. Tunachoongeza sisi ni kazi ambayo haionekani kwenye risiti. Hatuuzi kitabu kabla ya kumsikia mtoto. Tunamwomba asome mistari miwili ambayo hajawahi kuiona, na akisitasita kila baada ya nota chache tunampa kitabu cha hatua ya chini, hata mzazi akikasirika. Mzee mmoja wa Makole alisisitiza kumnunulia mjukuu wake kitabu cha tatu kwa sababu binamu yake wa Dar alikuwa amefikia hapo. Tulimshauri asinunue, akanunua, na muda si mrefu mtoto akawa hataki hata kukikaribia kinanda.

Kwa mtoto anayeanza, familia inahitaji mfululizo mmoja tu wa vitabu vya mwongozo, ule anaoutumia mwalimu wake, na daftari la mistari mitano la kuandikia nota kwa mkono. Kuchanganya mifululizo miwili kunamchosha mtoto, kwa sababu kila mtungaji hufundisha nota kwa mpangilio wake. Anayejiandaa kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, aangalie pia toleo, kwa kuwa nyimbo za mtihani hubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Kitabu cha mtumba cha toleo lililopita kinafaa kwa mazoezi, lakini mzazi asikinunue akidhani nyimbo zake bado zinatahiniwa.

Kitabu tunachokipendekeza kuliko vyote, na ambacho wazazi hukiuliza kwa nadra, ni cha kusomwa na mzazi mwenyewe. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1998, aliandika kitabu ambacho kwa Kiingereza kinaitwa Nurtured by Love. Katika njia yake mzazi huhudhuria somo, na mwanzoni hujifunza kupiga wimbo mmoja yeye kwanza huku mtoto akitazama, mpaka mtoto mwenyewe atake kukishika chombo. Mzazi akikisoma huacha kuuliza kwa nini mtoto hajafika wimbo wa kumi. Cha pili ni mausia mafupi ya Robert Schumann kwa vijana wanaojifunza muziki, yaliyotoka mwaka 1850. Anaanza kwa kusema kwamba kulifunza sikio ndilo jambo kubwa kuliko yote, na mahali pengine anawahimiza vijana kuimba kwaya, hasa sauti za kati.

Usia huo unatufaa sana hapa Dodoma, ambako nyumba nyingi zina mtu anayeimba sauti hizo za kati, alto au tenori, kanisani na anayesoma solfa, yaani nota za do, re, mi, bila shida. Kitabu cha nyimbo chenye solfa kilicho kabatini ni kitabu cha muziki kamili. Mama aimbe mstari mmoja kwa do, re, mi, mtoto autafute kwenye kinanda, kisha wabadilishane. Tunamsihi tu asiandike solfa wala herufi chini ya kila nota ya kitabu cha mtoto, kwa sababu jicho litasoma herufi na mistari mitano haitasomwa kamwe. Tumewapokea watoto waliofika kitabu cha pili kwa njia hiyo, na ukifuta zile herufi hawana wanalolijua.

Anayejifunza ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, au zeze hatumuuzii kitabu. Sauti za vyombo vya Wagogo hazilingani sawasawa na vibonyezo vya kinanda, na hufundishwa kwa kukaa karibu na anayejua. Huyo tunamshauri aende Chamwino, kwa wapigaji wenyewe wa Kigogo.

Kitabu ulichokinunua kwetu kikionekana hakimfai mtoto, kirudishe na risiti ndani ya siku 14 tukibadilishe kwa cha hatua nyingine bila malipo ya ziada. Kilichoandikwa kwa kalamu ya wino hatukipokei. Kilichoandikwa kwa penseli tunakifuta wenyewe.