Tusiionee haya kazi ya kuwahudumia wenye ulemavu

Mhariri,

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Nakuru kwenye harusi ya binamu yangu. Tukiwa mezani, mzee mmoja aliniuliza ninafanya kazi gani huko Marekani. Kabla sijafungua kinywa shangazi yangu akadakia, "Huyu ni nesi." Mimi si nesi, na shangazi anajua. Alinisitiri mbele ya watu, kama mtu anavyokuvuta kando ukiwa umechanika nguo bila kujua. Nami nikanyamaza, nikaendelea kula pilau. Kule kunyamaza kumenikera hadi leo, ndiyo sababu ninakuandikia.

Tangu 2009 kazi yangu ni kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili, usonji na mtindio wa ubongo. Hawakai hospitalini. Wanaishi katika nyumba ya kawaida ya mtaani karibu na Lowell, jimbo la Massachusetts; wanaume wanne, kila mmoja na chumba chake, jikoni moja. Wakenya wengi wa Lowell na Worcester wanaijua kazi hii vizuri, maana ndiyo iliyowapokea walipofika. Nyumbani inaitwa "kuosha wazee", na husemwa kwa kicheko.

Ni kweli, naosha watu. Pia nimefanya mtihani wa jimbo wa kutoa dawa, na cheti hicho lazima nikihuishe kila baada ya miaka 2. Zamu zinapopokezana, dawa za kufungiwa kabatini tunazihesabu watu wawili, kidonge kwa kidonge, kisha sote tunatia sahihi kitabuni. Kidonge kimoja kikikosekana, hakuna anayetoka. Tunafundishwa mambo manne yanayowaua watu hawa kimyakimya: chakula au kinywaji kupita njia ya pumzi, mwili kuishiwa maji, kufunga choo, na kifafa. Kwa hiyo chakula cha mmoja wao nakisaga hadi kiwe laini kama uji wa mtoto, na maji yake nayatia unga wa kuyafanya mazito ili yasimpalie. Kifafa kikimshika mtu namlaza ubavu na kutazama saa. Zikifika dakika 5 napiga 911, nambari ya dharura. Haya yote hayajulikani na yule anayecheka.

Na bado hicho si kiini cha kazi. Kiini ni kumjua mtu.

Mkubwa wao ana miaka 61. Jina lake siwezi kulitaja, sheria hairuhusu, lakini mimi humwita Mzee naye huitika kwa kugeuza kichwa. Hasemi neno hata moja. Alikulia katika mojawapo ya yale makao makubwa ya serikali ya kufungia wenye ulemavu, na mpaka leo anapokula huizungushia sahani mkono wa kushoto, kama kwamba kuna mtu nyuma yake anayetaka kumnyang'anya. Mzee huzungumza kwa viatu. Akitaka kutoka, anaviweka mlangoni vikielekea nje. Akiwa anaumwa, anavigeuza vielekee ukutani. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuligundua, nikaliandika kwenye daftari la zamu, na kila aliyekuja baadaye nikamwonyesha kwa kidole.

Miaka michache iliyopita wenzangu watatu waliacha kazi ndani ya majira mamoja. Wawili walienda kupanga mizigo kwenye bohari la mauzo ya mtandaoni, ambako waliongezwa dola 3 kwa saa na hakuna anayewang'ata. Sikuwalaumu. Mimi nilikuwa nimekwenda likizo ya wiki mbili, na pengo lilikuwa likizibwa na vibarua, leo huyu, kesho yule. Kibarua mmoja, kijana msafi na mwenye adabu, kila asubuhi aliviokota viatu vya Mzee na kuvipanga kwenye rafu pamoja na vingine. Mzee akavirudisha ukutani. Kijana akavipanga tena. Siku nne. Siku ya tano niliporudi zamuni nilivikuta viko ukutani, nikamgusa tumbo, lilikuwa gumu kama ngoma. Daktari alisema utumbo ulikuwa umeziba. Alilazwa siku 9, na alipona.

Nikasoma daftari. Kila usiku kuliandikwa: "Hatulii. Anafanya vurugu." Alikuwa akilia kwa namna yake, na waliojua lugha yake hawakuwapo.

Mtu atauliza, kwa nini kampuni inayoendesha nyumba ile isiwalipe vizuri ili wakae? Hapa ndipo wengi wetu hatuelewi mambo yanavyokwenda, hata sisi tulio ndani. Nyumba hizi haziuzi kitu. Mkate ukipanda bei, mwenye duka naye hupandisha. Sisi tunalipwa kwa fedha za Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu, na kiwango cha malipo hupangwa na jimbo. Jimbo lisipokipandisha, hakuna wa kumdai zaidi. Tangu 1981 sheria inaruhusu fedha hizo zitumike kuwahudumia watu hawa katika makazi ya kawaida badala ya kuwafungia. Lakini huduma hiyo ni hiari ya jimbo. Kulipia nyumba za kulelea wagonjwa na wazee ndiyo lazima. Bajeti ikibana, cha hiari ndicho hutazamwa kwanza, na sheria iliyotiwa sahihi Washington tarehe 4 Julai 2025 inapunguza matumizi ya Medicaid kwa mamia ya mabilioni ya dola katika miaka 10. Sina usingizi nikilifikiria hilo.

Zaidi ya hapo, katika orodha rasmi ya kazi ya serikali kuu ya Marekani kazi yetu haina nambari yake. Tumetiwa kapu moja na wahudumu wengine wa majumbani. Maana yake ni kwamba hata tukihama kwa maelfu, hesabu haituonyeshi peke yetu. Muswada wa kurekebisha hilo umewahi kufikishwa bungeni zaidi ya mara moja.

Wakati mwingine zamu ikiisha naenda Waltham, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Huko kulikuwa na Fernald, taasisi ya wenye ulemavu wa akili iliyoanzishwa 1848 na kufungwa 2014. Miaka ya 1940 na 1950 wavulana wa pale walilishwa uji wa shayiri uliotiwa chembe za mnururisho, kwa utafiti, bila wao kuambiwa. Kuna makaburi msituni, yanaitwa MetFern. Yanakaribia 300. Hayana majina. Kila kaburi lina kipande kidogo tu chenye herufi na nambari: C kwa Mkatoliki, P kwa Mprotestanti. Kwetu hata aliyekufa maskini kabisa huliliwa kwa jina lake. Mara ya kwanza nilipofika pale nilimfikiria Mzee, kwamba kwa miaka mingi ya maisha yake huko ndiko alikokuwa akielekea.

Kilichombadilishia njia ni sheria na watu waliodai. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya wanawake wawili wa jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi ilhali anaweza kuishi miongoni mwa watu ni ubaguzi. Lakini uamuzi wa mahakama haumwogeshi mtu. Haumsagii chakula. Mtu akitolewa taasisini akawekwa katika nyumba nzuri yenye vibarua wanaobadilika kila wiki, viatu vyake vitapangwa kwenye rafu.

Sasa nirudi kwa shangazi yangu, ambaye nampenda, na kwa wasomaji wako. Watu hawa wanne hawawezi kwenda kwa mbunge wao. Wengine hawana hata jamaa wa kuwatembelea. Wa kusema yanayotokea mle ndani ni sisi, na wengi wetu ni Wakenya, Waganda, Waghana, Wahaiti. Wengi tumeshakuwa raia, tunapiga kura. Lakini hatusemi, kwa sababu tumezoeshwa kuificha kazi hii. Tunaandika "sekta ya afya" kwenye mitandao. Tunapiga zamu mbili mfululizo, tunatuma karo na pesa za matanga, kisha tukiulizwa tunababaika. Nimewaomba wenzangu wanne waje kutoa maoni juu ya bajeti ya jimbo, na mmoja akaniambia wazi: "Dada, picha ikifika kijijini itakuwaje?" Mishahara yetu imesalia chini kwa sababu nyingi, na kuona haya ni mojawapo. Hiyo walau tunaweza kuiondoa wenyewe.

Kwa hiyo ninyi mlio nyumbani, naomba mliache neno "kuosha wazee". Hata kwetu yupo binti anayemlisha, kumgeuza na kumbeba mtoto wa watu mwenye mtindio wa ubongo, naye analipwa kama mfagiaji na kuitwa kwa majina ya dharau. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu atatendewa kwa heshima. Sijui atatendewaje kwa heshima na mtu ambaye mwenyewe haheshimiwi.

Na ninyi wenzangu wa Lowell, Lawrence na Worcester: gavana kwa kawaida hupeleka bajeti Januari, kisha kamati za bunge la jimbo husikiliza maoni kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Anayeweza kuandika aandike kwa mwakilishi wake. Aseme kiwango anacholipwa, wangapi wameacha kazi katika nyumba yake, na nini kilimpata nani, bila kutaja jina. Kiingereza kibovu si hoja. Mimi changu ni kibovu na nilisikilizwa dakika tatu nzima.

Mwaka huu nitapanda treni ya asubuhi kutoka Lowell hadi North Station, Boston, kisha nitembee hadi bungeni. Nimemwandikia shangazi ujumbe kumweleza, nikamwambia akiulizwa aseme: anahudumia watu wenye ulemavu. Bado hajanijibu, ingawa ameusoma.

Mhudumu wa zamu ya usiku,
Lowell, Massachusetts