Anayeuliza habari za Yesu ajibiwe, asikemewe

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu siku nilizokuwa nikishika chaki, na miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia, hata pale nilipokereka. Nilikuwa nakunja gazeti na kuendelea na shughuli zangu. Safari hii nimeshindwa. Nazungumzia ile taarifa yenu ya Jumapili kuhusu vijana wa Dar es Salaam wanaoacha kanisa, ile iliyopambwa na picha ya mabenchi matupu.

Unakumbuka walichosema wale vijana. Mmoja alisema Ukristo ni dini ya Wazungu, ulishuka na meli ya Wajerumani. Wa pili alisema vitabu vya Biblia vilipigiwa kura na watu wa Kaisari Konstantino kule Nikea. Wa tatu akasema kuamini kwamba Yesu alifufuka ni kuzima akili. Mwandishi wenu akawafuata viongozi wa dini. Mmoja akamwambia imani haihojiwi, mwingine akasema hiyo ni roho ya mpinga Kristo, na taarifa ikaishia hapo. Msomaji akaachwa na swali lenye meno na jibu kibogoyo.

Mimi ni Mkristo, tena ni mwalimu mstaafu wa Historia, kwa hiyo niliumia mara mbili.

Tuanze na hiyo meli. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front pale karibu na bandari yalijengwa enzi za Wajerumani, na mmisionari na mkoloni mara nyingi walikula sahani moja. Hilo silifichi, nililifundisha darasani kwa mdomo wangu. Lakini mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, alikuwa Mkristo katika karne ya 4, na sarafu zake zilibadilika, alama za miungu ya kale zikaondolewa ukawekwa msalaba. Kabla yake, mwaka 203, kule Karthago katika Tunisia ya leo, mama kijana aitwaye Perpetua, aliyekuwa na mtoto wa kunyonya, aliuawa uwanjani mbele ya watu pamoja na mtumwa Felisita aliyekuwa ametoka kujifungua, kwa sababu walikataa kumkana Kristo. Augustino, ambaye wanatheolojia wa Ulaya wanamsoma mpaka leo, alizaliwa na kufia katika nchi tunayoiita Algeria. Falme za Nubia, kule Sudan, zilipokea Ukristo katika karne ya 6, na kanisa kuu la Faras lilipofukuliwa miaka ya 1960, kabla ya maji ya bwawa la Aswan kulifunika eneo lile, kuta zake zilikutwa na michoro ya maaskofu wa Kinubi wenye ngozi nyeusi. Mmisionari Boniface alipokwenda kuyahubiria makabila ya Kijerumani katika karne ya 8, yaliyokuwa bado yanaabudu miungu yao, Wanubi walikuwa wameshabatizwa karibu karne mbili. Hao nao walishushiwa dini na meli gani?

Hilo la Nikea ni rahisi zaidi na ndiyo maana limeniudhi zaidi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano wa maaskofu, ulikutana kwa sababu ya mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria aliyesema Mwana wa Mungu ni kiumbe, na pia kwa ajili ya tarehe ya Pasaka na mambo ya nidhamu ya kanisa. Ulitoa kanuni 20. Hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Askofu Irenayo alikuwa ameshaandika kuhusu Injili nne, wala si tatu wala tano, yapata mwaka 180, Konstantino hajazaliwa. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo tunaikuta katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, Mwafrika mwingine. Kijana anaweza kukosea, ameyaokota kwenye simu. Gazeti lina mhariri.

Sasa tuje kwenye ufufuo, maana hapo ndipo imani yetu inaposimama au kuanguka, na Paulo mwenyewe alisema hivyo bila kumung'unya. Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa miaka ya 50 ya karne ya kwanza, miaka kama 20 na kitu baada ya Yesu kusulubiwa. Humo anawataja walioonyeshwa Yesu akiwa hai: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, na anaongeza kwamba wengi wao bado wapo. Wakazi wa jiji hili wenye umri wangu wanaikumbuka Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Tunakumbuka tulikuwa wapi na nani alitupa habari. Mtu akizuka leo na kuandika kwamba watu 500 waliona jambo fulani asubuhi ile, na wengi wao wangali hai, atakanushwa kabla ya jua kuzama, na wapo watakaomfuata mpaka mlangoni. Paulo aliandika kwa watu walioweza kupanda chombo wakaenda kuuliza.

Injili zote nne zinasema wa kwanza kulikuta kaburi tupu walikuwa wanawake, na Luka anakiri kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Zama zile ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito. Mtu anayetunga hadithi ili aaminiwe hachagui mashahidi wa aina hiyo. Na kuhusu kusulubiwa hatuna maneno ya wafuasi peke yao. Tasito, mwanahistoria wa Kirumi aliyewachukia Wakristo waziwazi, ameandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, Tiberio akiwa Kaisari. Plinio, liwali wa Kirumi katika sehemu ya Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trayano mnamo mwaka 112 kwamba watu hawa hukusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Mtu anaweza kuyasoma yote haya na asiamini. Ila asiseme aliyeamini amezima akili.

Nikueleze kwa nini nimeandika kwa uchungu. Dada yangu alifariki kwa saratani, na jioni ya kuamkia mazishi tulikuwa chini ya turubai, mwinjilisti akihubiri kwamba marehemu atafufuka kwa kuwa Kristo alifufuka. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo, alinyanyua mkono. Akaamkia kwa adabu kabisa, akauliza: "Mtumishi, tunajuaje kwamba kaburi lilikuwa tupu kweli?" Yule bwana alisogeza kipaza sauti mdomoni, ingawa tulikuwa watu wa kuenea uani, akasema chuo kimemharibu kijana huyu, na shetani amepata mlango msibani. Akaamuru tuseme amina. Wapo waliosema. Mtoto akaweka kikombe chake cha chai chini ya kiti, akapita katikati ya watu, akatoka. Mhariri, huyu alikuwa anamzika mama yake! Katika watu wote waliokaa pale, hakuna aliyekuwa na haja na jibu la swali lile kuliko yeye. Hakuuliza ili amuaibishe mtu. Alitaka kujua kama mama yake amekwenda moja kwa moja au vipi, na aliyepewa kazi ya kumjibu akamgeuza kuwa mfano wa upotovu mbele ya wajomba zake, mbele ya jeneza. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya nyumba karibu na masufuria, kina mama wanapakua pilau. Akaniuliza, "Mama mdogo, nimekosa adabu?" Nikamwambia, "Hujakosa, mwanangu. Tomaso alidai kutia kidole kwenye makovu, na Yesu alimpa mikono yake aitazame." Tukakaa pale mpaka usiku mkubwa, nikamweleza haya niliyokuandikia.

Tangu hapo huja kwangu na daftari. Hajaamini bado. Swali la kwa nini mama yake aliumwa vile mimi sina jibu la kumpa, na nimemwambia hivyo. Ninacho kitabu cha Ayubu, ninao msalaba, na tunalia wote. Maswali mengine yote tunayashughulikia moja baada ya jingine. Petro aliwaagiza Wakristo wawe tayari siku zote kumjibu kila awaulizaye habari za tumaini lao, na wafanye hivyo kwa upole. Kila nikilisoma agizo hilo simwoni yule mwinjilisti ndani yake.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na hili la vipaza sauti. Pale kituo cha daladala ninapopandia kuna mhubiri anayeanza alfajiri, spika imeelekezwa usoni mwa abiria, na kila baada ya tishio la moto wa jehanamu linafuata tangazo la mafuta ya upako na namba ya kutumia pesa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kutangaza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu, na mimi naipenda ibara hiyo. Abiria anayesubiri gari hana hiari ya kuziba masikio. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako kwenye mkutano wa injili. Ishirini! Tulizika, tukanyamaza, mafuta yakaendelea kuuzwa. Nani kati ya wale vijana wenu watatu atatulia asikie habari za Athanasio na Perpetua ikiwa kila siku anakutana na Ukristo wa chupa ya mafuta na namba ya simu? Jirani yangu ni Mwislamu, huja kibarazani kwangu tukachambua mchele pamoja. Yeye anashika kwamba Isa hakusulubiwa, mimi nashika kwamba alisulubiwa, akafa, akafufuka, na tumelijadili hilo mara nyingi bila yeyote kupandisha sauti. Ananiuliza mambo magumu kuliko ya vijana wenu, nami namuuliza. Mchele ukiisha ananiaga, ananiombea heri.

Ninachopendekeza ni hiki. Paulo alipokuwa Efeso alijadiliana na watu kila siku katika ukumbi wa Tirano, kwa miaka miwili. Basi kila kanisa la jiji hili lenye ukumbi liufungue Jumatano jioni, watu wakishatoka kazini, kwa ajili ya maswali tu. Viti vipangwe kwa duara. Spika ibaki stoo na kikapu cha sadaka kisipitishwe. Asiyeomba kuombewa asiwekewe mikono. Iwepo chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, maana watu wanatoka mbali. Anayejibu awe amesoma, na asipojua aseme sijui, aandike swali kwenye daftari, alete jibu Jumatano inayofuata. Wasioamini wakaribishwe kwa barua, na Waislamu wakipenda kuja waketi mbele. Mchungaji anayeona hilo litamvunjia heshima amwachie mwalimu wa shule ya Jumapili aendeshe.

Na wewe, Mhariri, tenga nusu ukurasa kila Jumamosi. Waanze wale vijana watatu, waandike hoja zao kwa kirefu kuliko mlivyowapa safari iliyopita, bila kukatwa. Mimi nitawajibu, na wengine wenye elimu kunizidi watajibu. Vijana hao kama mnanisoma, nawaita kwa jina la Yesu ambaye mmemwacha: leteni swali gumu kuliko yote mliyo nayo, na mkishasikia jibu, semeni wapi halitoshi. Mkisoma Injili ya Marko kwanza, inamalizika kwa jioni moja, tutakuwa na pa kuanzia.

Huku tukisubiri hayo, naomba lile kosa la Nikea lisahihishwe. Matokeo ya Simba na Yanga yakikosewa mnayarekebisha kesho yake. Sahihisho hili nalo litoke Jumapili, ukurasa uleule, kwa herufi zinazosomeka.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam