Risala ya Wavuvi wa Mwambao wa Kilwa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Chumba cha Barafu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa wilaya mlioambatana naye,
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri yako,
Masheikh na wachungaji wetu, wazee, manahodha, akina mama wa mnadani,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum! Tumsifu Yesu Kristo!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kukaa nasi chini ya mkungu huu. Tunajua umeondoka alfajiri na tunajua barabara uliyopita. Pale Somanga umevuka mahali ambapo Mei 2024 barabara ilikatika kwa mafuriko baada ya Kimbunga Hidaya, tukabaki huku tumetengwa na Dar es Salaam. Naomba ulikumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuhusu historia yetu hatutakuchosha. Watu wa Kilwa ni watu wa bahari tangu kabla Ibn Battuta hajatia nanga hapa mwaka 1331. Kikundi chetu kilianza na wavuvi 23 waliochanga shilingi 500 kila mmoja. Leo tuko 112, na kati yetu wanawake ni 41.

Katika kipindi hiki tumepata mafanikio makubwa mno ambayo yametufanya tuwe mfano wa kuigwa katika ukanda wote wa kusini. Tumejenga ofisi ya kisasa yenye vyumba viwili. Tumenunua mizani ya kidijitali ambayo imekomesha kabisa ugomvi mnadani. Tulifunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi mitatu, na siku ya kuufungua walitoka pweza ambao wazee walisema hawajawaona tangu ujana wao. Mlio wa baruti baharini, ambao zamani tuliusikia kama vile watu wa bara wanavyosikia jogoo, sasa unapita mwezi mzima hatujausikia, na hiyo ni kazi ya vijana wetu wa doria wanaolala kwenye mchanga bila posho. Na leo unatuzindulia chumba cha barafu. Tunaomba makofi kwa Mgeni Rasmi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani. Risala tuliyomsomea mgeni wetu wa kwanza ilikuwa na maombi kumi na moja, na yote aliyapokea kwa moyo mkunjufu. Risala ya mgeni wa pili ilikuwa na maombi saba. Tuliyapunguza kwa kudhani labda wingi ndio uliokwamisha. Daftari la mihtasari tunalo hapa mezani, na ahadi zote zimeandikwa kwa wino pamoja na maneno yenyewe: "ndani ya miezi sita", "hilo niachieni mimi", "bajeti ijayo". Hatulisomi kwa ajili ya kumlaumu mtu. Tumelileta ili ujue kwamba kamati ilipokaa siku mbili kuandaa risala hii, iliamua kwamba choo cha mnadani, taa za usiku na bei ya petroli vingoje. Leo tuna jambo moja tu.

Tunaomba ndege.

Tunaomba usitushangae, utusikilize.

Mwezi wa Julai mwaka jana, kusi likiwa limekaza, boti yetu moja ya faiba iliondoka hapa saa kumi jioni kwenda kutega jarife nje ya Songosongo. Ilikuwa na watu watatu, nahodha na mabaharia wawili, na mmoja wao ana miaka 19. Mashine ilikuwa moja, ya HP 15. Saa mbili na dakika kumi usiku nahodha alimpigia mkewe simu akasema, "Mashine imegoma, tunavutwa nje," na mtandao ukakatika. Saa tatu kasoro tulikuwa tumeshatoa taarifa kwenye namba tuliyopewa. Aliyepokea alituuliza majina, umri na rangi ya boti, tena kwa upole kabisa, kisha akasema tusubiri kukuche.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni mtu wa hesabu, tunaomba tuhesabu pamoja. Mkondo wa kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakwenda kwa nguvu. Tuchukulie kilomita tatu tu kwa saa. Kutoka saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa 12, maana yake boti isiyo na mashine iko kilomita 36 kutoka ilipozimia. Lakini upepo nao una yake, hausukumi pale mkondo unapovuta. Hata ukiondoa upande wote wa kusini kwa kuwa unajua hawawezi kuwa huko, unabaki na zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za kutafuta kitu chenye urefu wa mita saba na rangi ya bluu. Na kila saa unayosubiri, eneo hilo linapanuka.

Tulitoka na boti tatu. Tulichangishana petroli mpaka akina mama wa mnadani wakavunja kibubu chao, tukachoma lita 340 kwa siku nne. Mtu aliyesimama kwenye boti, wimbi likiwa limenyanyuka, haoni mbali. Unaona mgongo wa wimbi, halafu mgongo wa wimbi mwingine. Siku ya tano tulipigiwa simu na wavuvi waliokuwa dago, yaani kambi ya uvuvi, kwamba mashua imewaokota vijana wawili mashariki ya Mafia. Nahodha alifariki usiku wa tatu kwa kiu. Yule kijana wa miaka 19 alitusimulia kwamba mchana wa siku ya pili ndege ndogo ya abiria ilipita juu yao. Walivua shati jekundu wakalipunga. Walisikia mlio wa injini mpaka ukapotea.

Kwa hiyo ndege zinapita juu ya bahari yetu, Mheshimiwa. Ambayo haipiti ni ile inayokuja kututafuta.

Ndege tunayoizungumzia si ya kivita ya kutisha wala si ya mabilioni yasiyosemeka. Kamati imejielimisha. Inaitwa Dornier 228. Iliundwa Ujerumani na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na tangu miaka ya themanini inaundwa kwa leseni nchini India, katika mji wa Kanpur, na kampuni ya Hindustan Aeronautics. Ina injini mbili za panga. Sisi hatuhitaji kuelezwa maana ya injini ya pili. Mvuvi yeyote aliyekaa hapa, ukimuuliza angetamani nini kwenye boti yake, atakwambia mashine ya pili, kwa sababu ya kwanza ikikugomea katikati ya maji hakuna mti wa kushika.

Bawa lake liko juu ya mwili, kwa hiyo aliyekaa dirishani hazuiwi na kitu kutazama chini. Zile zilizotengenezwa kwa kazi ya bahari hufungwa rada tumboni inayozunguka pande zote, na dirisha la mtazamaji limebenuka kwa nje ili aingize kichwa na kuangalia moja kwa moja majini. Ina mlango unaoweza kufunguliwa ikiwa hewani, ambao kwake hudondoshwa boya la kujipuliza kwa walioko majini. Mwendo wake ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Zile kilomita 36 zilizotushinda kwa siku nne, ndege hii huzimaliza kwa dakika saba.

Na ndege hiyohiyo, siku isiyo na doria, hubeba watu 19 au mizigo, na hutua kwenye viwanja vifupi hata visivyo na lami. Hapo ndipo tunairudia Somanga. Barabara ilipokatika Mei 2024, mgonjwa wa huku hakuwa na njia ya kwenda Dar es Salaam kwa gari. Kiwanja cha ndege cha Kilwa Masoko kipo. Ndege moja ya aina hii ingefanya doria asubuhi na kuleta dawa jioni. Hatuombi vitu viwili, tunaomba kimoja chenye kazi mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo maneno ambayo tumewahi kuambiwa mahali hapa, kwamba ndege za namna hii ni za mataifa makubwa. Kwa heshima zote, tunaomba tuseme kwamba sivyo. Majirani zetu wa Mauritius wanazo Dornier tangu 1990. Majirani zetu wa Seychelles, ambao watu wao wote hawafiki laki mbili, walipewa na India Dornier ya kwanza mwaka 2013 na ya pili mwaka 2018, na kwa ndege hizo wanachunga eneo la bahari la zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Sisi kwa sensa ya 2022 ni zaidi ya watu milioni 61. Ukanda wetu wa kiuchumi baharini ni kama kilomita za mraba 223,000, na mwambao wetu una kilomita 1,424. Tukimtazama Mshelisheli na boti yake, na sisi na boti zetu, tunajiuliza kwa nini yeye akizimikiwa na mashine anatafutwa kwa ndege, na sisi tunatafutwa kwa kibubu cha akina mama.

Wala ndege hiyo haitakuwa ya kuokoa tu. Sote tunaikumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa na karibu tani 300 za samaki wa bahari yetu, wale ambao wananchi waliwaita samaki wa Magufuli. Ilikamatwa katika doria iliyofanywa kwa meli ya jirani zetu wa Afrika Kusini. Tulifurahi sana. Lakini usiku, tukiwa nje ya miamba, bado tunaona taa za meli ambazo hatujui ni za nani. Tunazihesabu, tukirudi tunaziandika kwenye daftari. Ndege yenye rada haihitaji kuziandika kwenye daftari.

Na njia ya kuipata ipo. Oktoba 2023 Mheshimiwa Rais alikwenda India, na uhusiano wetu ukapandishwa kuwa ubia wa kimkakati. Aprili 2025 manowari za India zilikuja Dar es Salaam kwenye zoezi la majeshi ya majini lililoitwa AIKEYME, ambalo Tanzania na India waliliandaa pamoja. Mafundi wanaounda ndege hii ni wao. Wameshawapa majirani zetu. Sisi wavuvi hatujui namna ya kuzungumza na serikali za nje, lakini tunajua kwamba mtoto asiyelia hapewi titi, na ndiyo maana tumelia leo mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuko hapa kukutega. Tunajua ndege hainunuliwi kwa kauli ya siku moja, na hutaitoa mfukoni. Tunajua pia kwamba hata ikija, mbao na faiba ni vitu ambavyo rada inavipata kwa shida, na ndege isiyoambiwa pa kuanzia itazunguka bure. Kwa hiyo, wakati ombi letu likiwa njiani, tunaomba vitu vidogo ambavyo ndege itavikuta. Tunaomba redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, hapa mnadani, yenye mlingoti mrefu na sola yake, na redio za mkononi kwa boti zinazovua nje ya miamba. Tunaomba vifaa vya kutoa ishara ya dharura kwa setilaiti, vile ambavyo ukiviwasha tu vinataja mahali ulipo. Kamati iko tayari kuchangia robo ya gharama kutoka mfuko wetu, na fedha hizo zipo benki, mtunza hazina yuko hapa atakuonyesha kitabu. Na tunaomba namba moja ya simu ambayo anayeipokea usiku ana mamlaka ya kufanya kitu usiku huohuo.

Mgeni aliyekutangulia alilipokea ombi la redio. Alisema hata asituahidi, kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo, litafika kabla ya Ramadhani. Zimepita Ramadhani nne.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba jambo ambalo hatukuwaomba wenzako. Kwenye daftari la wageni tumekuachia ukurasa mzima. Tunaomba kabla hujapanda gari uandike kwa mkono wako jina la ofisi utakayolipeleka ombi hili, na tarehe ambayo tutapata jibu, hata kama jibu litakuwa hapana. Jibu la hapana tutaweza kuishi nalo, tutaanza kuchangishana mashine za pili. Kinachotuumiza ni kukaa tunasubiri huku vijana wanatoka kila jioni.

Mjane wa nahodha wetu amekaa safu ya pili, upande wa kushoto kwako, mwenye mtandio wa kijani. Ndiye aliyepokea simu ile ya saa mbili na dakika kumi. Kamati imempa heshima ya kukukabidhi nakala ya risala hii.

Tunakutakia safari njema ya kurudi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wavuvi wote wa kikundi