Filimbi iwe shingoni mwako

Nanyuki, Jumapili usiku

Neema wangu,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima, mvua imegoma, mlima haujaonekana wiki nzima kwa vumbi, na Kirefu bado anadaiwa na kila mtu. Mama Pendo anaendeleaje? Haya, salamu zimetosha, nina neno.

Picha yako ukiwa juu ya farasi wa kazini nimeiona. Umependeza, na kofia ngumu umevaa, hapo sina ugomvi. Lakini nimeikuza ile picha, nikaona mkoba umefungwa kwenye tandiko, simu inachungulia humo, na chupa ya maji humo humo. Neema! Siku huyo farasi akiamua kurudi nyumbani bila wewe, utapiga simu kwa kutumia nini? Kiatu?

Ngoja nikupe ya hapa. Majuzi mgeni mmoja alianguka kule nyuma ya bwawa. Kwale walifurumuka kwenye nyasi, yule mwekundu mwenye paji jeupe akaruka pembeni (moyo wake unaujua), mgeni akaachwa hewani. Alikuwa wa mwisho kwenye msafara, na nyuma yake hakukuwa na saisi, yaani mtunza farasi. Sisi wa zizini tukaona farasi anaingia peke yake, tandiko limezunguka mpaka tumboni, hatamu moja imekatika kwa kukanyagwa, jasho limemkauka mbavuni. Tukampigia mgeni. Simu ikaita pale pale uani, chini ya tumbo la farasi. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, maana kile kidude chake cha kuvuta cha pumu nacho kilikuwa mkobani.

Na yeye hakutulia alipoangukia. Alifuata alama za kwato, akajikuta vichakani, huko huko nyati wanakolala mchana. Kijana wa mbuzi ndiye aliyemwona, jua likiwa limeshashuka. Unajua huku kwetu hakuna jioni ya kuchezea: saa 12 na nusu jua linazama, na muda si muda ni giza. Huko West Kilimanjaro ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nisikilize. Kilicho kwenye farasi ni mali ya farasi. Simu, filimbi, kiberiti, dawa, maji hata kidogo, vyote viwe mwilini mwako, kwenye mkanda wa kiunoni au mfuko wenye zipu. Filimbi shingoni. Milio 3, pumzika, 3 tena. Mlio husafiri mbali kuliko sauti ya mtu, na mwenye mbavu zilizoumia hawezi kupiga kelele. Na kabla wageni hawajapanda, waulize wazi nani ana pumu, nani anatumia sindano za sukari. Wataona haya, waulize tu.

Kwa farasi, mvalishe kamba ya kichwani chini ya lijamu, utundike hapo kibati chenye namba ya zizi. Ya zizi, Neema, usiandike yako, kwani wewe utakuwa porini unapuliza filimbi. Na usimfunge mtini kwa hatamu hata kwa dakika ya kujisaidia. Akishtuka atajiumiza mdomo, akate hatamu, aende.

Akikimbia, usiruhusu mtu amfukuze. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: kijana anataka kuonekana shujaa, anaondoka mbio, na wale farasi wengine nao wanaona ni mashindano. Simamisheni msafara, waacheni wengine wale nyasi. Farasi hapendi upweke, mara nyingi atarudi kwa wenzake mwenyewe. Ukiwa na pumba kidogo, itikise ndani ya kofia. Aliyeanguka naye akae mahali peupe, asiingie kichakani, asifuate kitu.

Viatu pia, karibu nisahau. Viwe na kisigino, visiwe vinene vya kubana kwenye kikuku cha kukanyagia. Kupotelewa na farasi ni afadhali mara mia kuliko kuburutwa naye.

Na asilale nje huyo farasi. Simba unawajua, lakini mimi naogopa pia visubi, wale wadudu wadogo wanaouma. Ndio wanaoeneza ile homa ya farasi, na wanauma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Punda milia wanabeba virusi vyake bila hata kuonekana wagonjwa, na huko kwenu punda milia ndio majirani. Farasi wakiugua, wengi hufa.

Sasa nijibu. Farasi wenu wamechanjwa? Nani anapanda nyuma ya msafara, au uko peke yako na wageni 6 kama ninavyohofia? Mtandao unashika hadi wapi ukishavuka lile korongo? Mmepewa redio ya upepo au mwajiri bado "anaangalia"? Kuna anayeandika mmetoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi? Na Baraka anasemaje kuhusu kazi hii, au hujamwambia?

Nimekushonea mkanda wa turubai wenye mifuko mitatu, unabaki tundu la mwisho tu. Nipe kipimo cha kiuno chako, cha kweli, si cha zamani zile. Dereva wa lori la nyasi anashuka Namanga Ijumaa, na hangoji mtu.

Wako,
Wanjiku