Mtoto ananiuliza kama baba yake atarudi

Shangazi, shikamoo. Saa hizi ni saa 10 alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Mtoto kasinzia sasa hivi tu, kanishika gauni.

Ana miaka 9. Baba yake anavua dagaa ziwani, usiku. Tukiwa kwenye giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo wavuvi wa dagaa huingia ziwani, jua likianza kuzama tumbo linamkata mtoto, chakula hagusi, anauliza: "Mama, baba atarudi?" Namjibu atarudi. Hata sijageuka, kauliza tena. Asubuhi hataki shule. Zahanati wamempima malaria, wamempima kichocho, hana kitu. Mbalamwezi ikiwa kali baba yake hutulia nyumbani, na yeye hulala fofofo.

Sasa juzi mama mkwe kanisimanga mbele ya wapangaji wote: "Woga huo kaunyonya kwako." Shangazi, mimi? Simwambii mwanangu neno lolote la kumtisha. Kweli baba yake nampigia simu mara tano, mara sita, mpaka mtandao unakata, lakini natoka uani asinisikie. Na shule nimemwacha asiende, ila ni siku tatu tu wiki hii, kwa sababu alikuwa analia na nje kuna upepo. Ungemtoa wewe? Eti kaunyonya kwangu. Mbele ya watu.

Baba yangu alikuwemo kwenye MV Bukoba, meli iliyozama ziwani humu mwaka 1996. Nilikuwa na miaka 7. Wakubwa wakaniambia kasafiri. Nikamngoja, nikamngoja, hadi siku niliyopelekwa Igoma nikaonyeshwa makaburi. Mama mkwe haya yote anayajua, na bado akasema vile.

Sisemi mume wangu aache ziwa, ndilo linalotulisha na ada limelipa. Ingawa angepata hata bodaboda ningeshukuru. Nimemwomba avae jaketi la kuokolea, anasema linambana akivuta wavu.

Nikimwambia mtoto "atarudi", naona namdanganya vile vile nilivyodanganywa mimi. Nikimwambia sijui, atalalaje? Usiku huu kauliza mara kumi na kitu, mwisho nikamkaripia anyamaze, akanyamaza, machozi yakawa yanamtoka kimya kimya. Hilo ndilo limeninyima usingizi.

Nimjibu nini jioni ya leo? Na kama kweli kaunyonya kwangu, niambie Shangazi, ila usinisimange.

Mama wa Kirumba, Mwanza