Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Assalamu alaykum.

Wazee wetu, akina mama na vijana wa jumuiya, ada na kadi atazisemea katibu, na hesabu anazo mshika fedha. Mimi nitasema njia yetu hii ya hapa Pemba, tunayoichimba kwa mikono kwa posho ya chakula, maana ndiyo iliyotushughulisha mwaka mzima.

Kutoka bondeni hadi lami sasa inapita gari ya ng'ombe hata baada ya mvua, isipokuwa ule mteremko wa udongo mwekundu. Mchele, kunde na mafuta ya posho vilitokana na michango yenu na ya wenzetu walioko Unguja na Maskati. Na kwenye chakula ndipo yalipozuka maneno: mmoja anachimba mtaro tangu alfajiri, mwenzake kaegemea pauro, yaani chepe, jioni wote wanapimiwa pishi ile ile! Baada ya masika tukaanza kugawa vipande kwa kamba. Ukimaliza chako, unachukua posho yako unakwenda zako. Akina mama wengi wanamaliza kabla ya adhuhuri.

Wapo waliouliza kwa nini hatukukodi katapila tupasue njia pana mara moja. Kilima kirefu kabisa cha Pemba hakifiki mita 100, sisi si Himalaya. Lakini huko Nepal, upande wa Karnali, wanakijiji wamechimba barabara kwa mikono kwa posho ya mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na huanza na njia nyembamba, wakaacha mvua zipite ukingo ukae, ndipo wakaipanua. Kingo huzishika kwa miti na majani. Udongo wetu unataka subira hiyo hiyo.

Karnali wapo pia wanaolalamika kwamba mchele wa msaada umewafanya watu wadharau ulezi na shayiri zao. Kwa hiyo napendekeza posho ijayo isiwe mchele mtupu wa mapembe wa dukani. Tununue mpunga wa mabonde yetu, na muhogo.

Wanaotaka fedha taslimu, kama ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nimewasikia. Rai yangu ni chakula: bei ikipanda, pishi inabaki pishi. Ila msimu wa karafuu kazi isimame. Hakuna atakayeacha mkarafuu wake kwa posho, wala asilaumiwe.

Ule mteremko unataka kalvati kabla ya vuli. Mawe tunayo, saruji hatuna. Naomba mjadala wa michango uanzie hapo.